Kukausha chakula nyumbani kwa safari za mlimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanauliza sana wakisikia unapanda mlima na chakula chako mwenyewe ulichokausha nyumbani. Nimejibu kwa mazingira yetu, yaani soko letu, umeme wetu, jua letu na milima yetu, maana maelekezo mengi yaliyopo yanamzungumzia mtu wa Marekani mwenye mashine ya kila kitu na supamaketi nje ya mlango.

Kwanini nihangaike kukausha, si nibebe tu mchele na maharage nikapike huko huko?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na jibu lake ni maji. Pwani maji yanachemka nyuzi 100, ila kila ukipanda kama mita 300 joto la kuchemka linashuka nyuzi moja hivi. Ukiwa Saddle Hut kule Mlima Meru, mita 3,570, maji yanachemka nyuzi 88 hivi, na ukifika kambi ya Shipton's kwenye Mlima Kenya, mita 4,200, ni kama nyuzi 86. Unaona yanatokota kabisa, mvuke unatoka, ila moto wenyewe haupo. Maharage makavu kwenye maji ya nyuzi 86 utayachemsha mpaka gesi iishe na bado yanagoma kwenye meno, na hapo sio suala la ladha tu, maharage mekundu yana sumu yake ya asili ambayo inavunjika pale tu yakichemshwa haswa, ukiyala nusu mbichi utatapika na kuharisha, na kuharisha mlimani ni jambo zito.

Kwahiyo kanuni ninayoishikilia ni hii: kupika kunafanyika nyumbani, mlimani unarudisha maji tu. Pika chakula kiive kabisa, kikaushe, alafu huko juu unamwagia maji ya moto, unafunika, unasubiri. Mengine yote hapa chini yanatoka kwenye kanuni hiyo.

Uzito nao unapungua sana. Nyanya ni maji karibu asilimia 94, kabichi asilimia 92 hivi, sasa mtu anabeba kilo mbili za nyanya mgongoni anabeba nini hasa kama sio maji, wakati mito ipo njia nzima.

Lakini si Kilimanjaro kuna wapishi na wapagazi?

Ni kweli, Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila kampuni yenye leseni na kiongozi, na kampuni inakuja na mpishi, hapo utakula supu ya moto na wali kama kawaida. Chakula chako kikavu kitakusaidia kwa vitu vya kutafuna njiani na usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru. Ukavu una faida zaidi kwenye safari unayojibebea mwenyewe: Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon au Chogoria, Aberdare, Uluguru, matembezi ya Usambara kutoka Lushoto mpaka Mtae, Rungwe, Kitulo. Meru unaenda na askari wa hifadhi ila chakula ni juu yako, hapo pia panafaa sana.

Sina mashine ya kukaushia. Naweza kutumia nini?

Oveni ya umeme inatosha kuanzia, mradi iweze kushuka mpaka nyuzi 60 au 70, na kama ina feni ndani ndo bora zaidi. Unaacha mlango wazi kidogo kwa kubana mwiko wa mbao pale juu ili unyevu utoke, maana usipotoka unakuwa unapika kwa mvuke badala ya kukausha. Watoto wasicheze karibu. Oveni za gesi nyingi hazishuki chini ya 120 na hizo zinaunguza, ziache. Airfryer za siku hizi nyingine zina kitufe cha kukaushia ila trei yake ndogo, utakausha nyanya nne unakesha.

Mashine yenyewe ya trei tano za duara yenye feni inauzwa Kariakoo na mitandaoni, ukinunua chagua yenye kipimajoto unachoweza kupandisha na kushusha, zile zenye kitufe cha kuwasha na kuzima tu zinakunyima uhuru kwenye nyama. Umeme sio mwingi kama watu wanavyohofia: mashine ya wati 400 ikikaa masaa 8 inakula unit 3.2, zidisha na bei yako ya luku utaona.

Na jua je? Bibi zetu walikausha kwa jua bila umeme wowote.

Walikausha na wanakausha mpaka leo, na mimi naona tungeanzia kwao kabla ya kwenda kutafuta maarifa mbali. Usukumani na Unyamwezini kuna michembe na matobolwa, vyote viazi vitamu vikavu lakini tofauti yake ndo somo lenyewe: michembe inakatwa mbichi inaanikwa, kwahiyo lazima uje uipike baadae, matobolwa yanachemshwa kwanza yakaiva ndo yanakatwa na kuanikwa, hayo unatafuna hivo hivo ukitembea. Kwa mlima beba matobolwa, michembe iache nyumbani. Dodoma na Singida wanakausha majani ya kunde na mlenda kila mwaka, Wakenya wa kaskazini wana nyirinyiri ambayo ni nyama kavu, pwani kuna ng'onda, samaki wa kuanikwa. Hii elimu ni yetu kabisa.

Ila jua lina masharti. Linataka siku zenye joto kuanzia nyuzi 30 na hewa kavu, unyevu chini ya asilimia 60, na upepo. Dodoma mwezi wa kumi utakausha majani kwa siku moja au mbili bila shida. Dar, Tanga, Mombasa hewa ina unyevu muda mwingi, embe linakaa siku nne bado linanata na siku ya tano limeota ukungu. Lushoto na Morogoro milimani ukungu unashuka jioni unarudisha unyevu wote ulioutoa mchana, kwahiyo lazima uanue kabla ya saa kumi na moja.

Ukitumia jua, usianike chini wala juu ya bati tupu. Fundi seremala anakutengenezea boksi la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani, juu kioo au nailoni ngumu, tundu chini za kuingiza hewa na tundu juu za kuitoa, zote zimezibwa na wavu wa mbu. Ndani ya boksi joto linapanda vizuri kuliko nje na inzi hawaingii. Kwa majani, matunda na viazi linatosha kabisa. Nyama na wali uliopikwa usiweke juani, hivyo viwekee umeme.

Joto gani kwa chakula gani?

Majani ya viungo kama giligilani na rosemary nyuzi 35 mpaka 40. Mboga nyuzi 52 mpaka 57. Matunda 57. Wali, maharage, viazi, tambi vilivyopikwa nyuzi 57 mpaka 63. Nyama 65 mpaka 70.

Msipandishe joto ili kuwahi jamani. Mboga ukiianzia na nyuzi 80 ngozi ya nje inakauka haraka inakuwa ngumu, maji ya ndani yanakosa njia ya kutokea, unaona kipande kikavu unakifungia kwenye mkebe na baada ya wiki kimeoza kuanzia katikati.

Maharage nayakaushaje yasiwe mawe?

Hapa nitakaa kidogo maana maharage ndo chakula cha msafiri wa kwetu na ndo yanayowashinda wengi.

Loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, pika kwa presha kuka mpaka yawe laini kupita unavyopenda ukila nyumbani, yaani yakibanwa kwa ulimi na kaakaa yavunjike bila meno. Maharage ya njano yanawahi kuiva na ganda lake laini, ndo chaguo langu. Usiweke mafuta wala nazi. Kitunguu, nyanya, karoti, chumvi kidogo ruksa. Chuja mchuzi lakini usiumwage, uchemshe peke yake mpaka uwe mzito, alafu uyarudishie maharage yapakwe.

Sasa yatandaze kwenye trei safu moja. Kama trei ina matundu makubwa weka karatasi ya kuokea. Nyuzi 57, masaa 6 mpaka 8, katikati yageuze. Utaona ganda linapasuka na maharage yanafunguka kama ua la bisi, na hiyo ndo unayoitaka, maana lililofunguka linanyonya maji kwa dakika kumi na tano na lililobaki zima linataka saa. Yakishakauka yakiwa bado ya moto chukua moja ubonyeze kwa kucha: linatakiwa kumegeka na kutoa unga mweupe. Likibonyea tu, rudisha.

Kwa anayetaka kuhakikisha kabisa, chukua nusu ya maharage uyaponde kabla ya kukausha, uyatandaze kama chapati nyembamba, yakikauka uyavunje na kuyasaga kidogo. Huo unga ukikutana na maji ya moto unakuwa rojo papo hapo, na nusu nyingine inabaki nzima ya kutafuna.

Choroko na adesi ni rahisi zaidi ya maharage, punje ndogo inarudi haraka. Makande nayo yanakubali ukitumia mahindi yaliyokobolewa, yenye ganda yanabaki magumu.

Wali je? Na ugali?

Wali upike kawaida bila mafuta, maji yazidi kidogo uwe laini, ukishaiva utandaze hapo hapo kwenye trei na uwashe mashine, nyuzi 60, masaa 5 hivi. Usiuache kwenye sufuria mpaka kesho asubuhi ndo ukaushe. Wali uliolala kwenye joto la kawaida kuna bakteria wanaoota na kuacha sumu ambayo hata maji ya moto hayaiondoi. Tambi hivo hivo, au chukua zile za paketi ambazo tayari zimeshapikwa kiwandani.

Ugali ukiukausha unakuwa vipande kama kigae na haurudi kuwa ugali tena, usijisumbue. Kama huwezi kulala bila ugali beba unga, lakini chini ya mita 3,000, juu ya hapo utasonga muda mrefu na gesi inateketea. Mbadala mzuri ni viazi mviringo: chemsha, ponda na maji yake bila maziwa wala siagi, tandaza nyembamba kabisa, kausha, saga. Kijiko vinne vikubwa, maji ya moto, koroga, umeshiba. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa unaweza kuvifanya hivo hivo, asubuhi unakoroga kama uji.

Nyama ni salama kweli?

Ni salama ukifuata hatua, na kwenye nyama hatua hazirukwi. Nunua nyama ya kusaga isiyo na mafuta, au mwambie muuza nyama akusagie ya paja na atoe mafuta yote mbele yako. Mafuta hayakauki, yanabaki na yanachacha, kipande chenye mafuta kinaharibu mkebe mzima. Kwa nusu kilo changanya nusu kikombe cha chenga za mkate mkavu, zinasaidia nyama inyonye maji baadae isiwe changarawe. Kaanga bila mafuta mpaka isiwepo nyekundu hata kidogo. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, nyama ya ng'ombe ifike nyuzi 71 na kuku 74 kabla hata hujafikiria kukausha, kwasababu joto la kukaushia peke yake halitoshi kuua vijidudu, nyama inakauka na wadudu wake wanalala humo wakisubiri maji. Ikishaiva mwagia maji ya moto kwenye chujio mafuta yaondoke, kandamiza na kitambaa safi, alafu mashine nyuzi 65 mpaka 70 masaa 6 hivi. Katikati fuatilia, futa mafuta yanayochuruzika.

Vipande vya nyama ya mchuzi vya kawaida havifai, vinabaki kamba. Kama hutaki ya kusaga, chambua iliyoiva iwe nyuzi nyembamba. Kuku wa kisasa wa kuchemsha kwa presha anakubali, wa kienyeji ni mgumu mno.

Kwa asiyetaka kazi hii, dagaa wapo. Wa Kigoma ni wasafi, ukinunua wa Mwanza angalia hawakuanikwa kwenye mchanga. Toa vichwa na matumbo, osha, wapashe kwenye kikaango kikavu mpaka wavunjike. Wanarudi kwenye maji kwa dakika tano na protini yao nzuri sana. Wafunge vizuri tu, harufu itahamia kwenye nguo zote begini.

Vitu gani nisikaushe kabisa nyumbani?

Mayai. Mayai mabichi ya kukausha nyumbani yana hatari ya salmonela na hakuna ujanja wa kuiondoa kwa vifaa vya jikoni, nunua unga wa mayai wa kiwandani au acha. Maziwa, nunua ya unga. Tui la nazi, nunua la unga pia. Parachichi, karanga, siagi, soseji, vyote mafuta. Karanga zibebe kama zilivyo, zenyewe ni kavu tayari, ila chagua nzima nzima, yenye ukungu au iliyosinyaa tupa.

Na kisamvu: kipike kwanza, twanga, chemsha muda wote kinaotaka kama unakula leo, majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kupika. Kukausha mbichi ukitegemea maji ya moto ya mlimani, hapana.

Mboga za majani natakiwa kuzichemsha kwanza?

Ndiyo, kidogo. Sukuma wiki, mchicha, matembele, majani ya kunde, kabichi, karoti, maharage machanga, vyote vitumbukize kwenye maji yanayotokota dakika mbili au tatu, toa, weka kwenye maji ya baridi, kamua, kausha. Ukiruka hii rangi inakuwa ya kahawia, ladha ya majani makavu ya ng'ombe. Vitunguu, vitunguu saumu, pilipili hoho na nyanya havihitaji.

Nyanya ninayoipenda ni ya karatasi: pika rojo la nyanya na kitunguu saumu bila mafuta mpaka lisimame kwenye mwiko, litandaze nene kama kifuniko cha daftari, nyuzi 57 masaa 8 hadi 10, linatoka kama ngozi nyekundu unaikunja na kuikata vipande. Kipande cha ukubwa wa kiganja ni mchuzi wa mtu mmoja.

Matunda?

Haya ndo raha. Embe mwezi wa kumi na mbili mpaka wa kwanza ni bei ya kutupa, kata vipande vya milimita sita hivi vyote sawa sawa, kausha. Nanasi linakuwa tamu kuliko pipi. Ndizi chovya kwenye maji ya limao zisiwe nyeusi. Papai linakubali, fenesi pia. Tikiti maji usipoteze muda.

Matunda hayavunjiki kama mboga, yanabaki na ulaini wa ngozi. Ukikata kipande ukakiminya lisitoke tone. Alafu kuna hatua watu wengi wanairuka: weka matunda kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, ijae robo tatu, siku 7 mpaka 10, kila siku tikisa na uangalie. Ukiona umande kwenye kioo, bado, rudisha kwenye mashine. Unyevu uliobaki unagawanyika sawa kwa vipande vyote na huo ndo ulinzi wako dhidi ya ukungu.

Mbona mnaogopa ukungu sana, si naukwangua tu?

Ukungu unaouona juu sio ukungu wote. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haina harufu wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, na 2016 Dodoma na Manyara kwetu pia ilitokea na watu wakapoteza maisha. Mkebe ukiota ukungu mwaga wote.

Kinakaa muda gani?

Inategemea unakaa wapi. Sehemu ya baridi ya nyuzi 15 matunda yanafika mwaka, kwenye nyumba ya Dar ya nyuzi 27 au zaidi hesabu miezi sita, na mboga nusu ya hapo. Nyama mwezi mmoja nje, ukiiweka friza inakaa miezi kadhaa, itoe siku ya safari tu. Andika tarehe kwenye kila mkebe, unadhani utakumbuka na hutakumbuka. Kukaza hewa kwa mashine ya vakyumu ni vizuri lakini hakuponyi kitu kilichokauka nusu, kinakuwa hatari zaidi maana kuna vijidudu vinavyopenda pasipo hewa.

Nafungashia kwenye nini na hii marufuku ya plastiki?

Swali zuri na wageni wengi wanakamatwa hapa. Kenya mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, misitu na fukwe. Tanzania mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kwahiyo usijaze begi vifuko vya nailoni. Mimi natumia vifuko vya kitambaa cha pamba kwa kila mlo, vyote ndani ya kopo la bati au kontena gumu lenye mpira kwenye mfuniko. Kuna vifuko vya silikoni vya kuoshwa pia, bei imechangamka ila vinadumu na unaweza kumwagia maji ya moto humo humo.

Kopo gumu lina kazi nyingine. Pimbi wa kambi za Shipton's na Mackinder's kule Mlima Kenya wamezoea watu, panya wa kwenye vibanda wanatoboa begi usiku, na kunguru wa mlimani wanajua kufungua zipu. Kifuko cha kitambaa peke yake ni kuwakaribisha.

Huko juu nakirudishaje? Nipe vipimo.

Mlo wa jioni wa mtu mmoja: nusu kikombe cha wali mkavu, robo kikombe maharage au nyama, robo kikombe mboga, kipande cha karatasi ya nyanya, chumvi na viungo. Maji kikombe kimoja na nusu, ongeza ukiona kumekauka. Uzito wake mkavu ni kama gramu 120 mpaka 150.

Kitu cha kwanza, nyama na maharage uviloweke mapema. Ukibakiza saa moja kufika kambini viweke kwenye chupa ya mdomo mpana na maji safi ya baridi, vinalowa ukitembea, usizidishe muda huo maana chakula kilicholowa ni chakula kibichi tena, kinaharibika. Ukifika mimina vyote kwenye sufuria, chemsha, acha vitokote dakika mbili, zima. Sasa funika na uifunge sufuria na sweta, shuka la Kimasai, begi la kulalia, chochote, dakika 15 hadi 20. Hotpoti ndogo ni nzuri kuliko vyote kwa anayekubali uzito wake. Watu wanaokula punje ngumu ni wale waliofunua baada ya dakika tano.

Mwisho, mafuta. Kwa vile umekausha bila mafuta chakula hakina nguvu ya kutosha, kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, weka sahani ikiwa tayari. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24, yabebe kwenye kikopo cha mdomo mpana sio chupa, vinginevyo asubuhi utayakodolea macho.

Maji ya mito ya juu yanatosha kuchemsha tu?

Yanatosha, hata kwa zile nyuzi 86. Juu ya mita 2,000 acha yatokote dakika tatu kamili.

Gesi inanizimikia asubuhi na baridi, kwanini?

Mtungi wako ni wa butane tupu. Butane ikifika chini ya sifuri kidogo haigeuki kuwa mvuke, na asubuhi ya Shipton's ni chini ya sifuri. Tafuta mtungi wenye mchanganyiko wa propane au isobutane, na ulale nao ndani ya hema karibu na miguu, umefungwa. Kuni sahau, hifadhini hairuhusiwi kukata wala kuwasha, na kuwasha jiko ndani ya hema lililofungwa ni kuomba kifo cha hewa ya sumu. Kwenye ndege mitungi hairuhusiwi, hata mizigo ya chini.

Nikifika mita 4,000 sitaki kula kabisa, nifanyeje?

Wengi wanapoteza hamu ya kula huko, ni kimo. Kwa usiku huo andaa kitu chepesi na cha chumvi: rojo la viazi, supu ya adesi na tambi, tangawizi kavu kwenye chai. Maharage mengi yaishie kambi za chini, juu gesi ya tumboni inatanuka na usiku unakuwa mrefu. Nanasi na embe kavu mfukoni, tende pia, kidogo kidogo kila saa. Ila kichwa kikiuma sana, unatapika, unayumba ukitembea, hilo sio suala la chakula tena, shuka usiku huo huo.

Kwa siku moja nibebe kiasi gani jumla?

Gramu 600 hivi za chakula kikavu kwa mtu mzima pamoja na karanga na vya kutafuna, anayekula sana aende 700. Safari ya siku nne Sirimon ni kilo mbili na nusu, ukilinganisha na kilo saba au nane za chakula kibichi. Jaribu kila mlo nyumbani kabla, urudishe kwa maji ya moto ya chai tu bila kuupika jikoni, ule wote sahani nzima. Usioupenda mezani mlimani hutaugusa.

Nikivuka mpaka na chakula changu?

Mboga na matunda makavu kwa kawaida havileti maneno kwa matumizi yako binafsi, ila nyama na mazao ya mifugo yana masharti ya vibali, kwahiyo ukitoka Arusha kwenda Mlima Kenya kupitia Namanga acha nyama nyumbani, beba maharage na ununue dagaa au omena Nanyuki. Kwa mnaorudi Ulaya na vifurushi vya nyama kavu ya nyumbani, Umoja wa Ulaya hauruhusu nyama wala maziwa kutoka nje, watachukua pale pale uwanjani.

Naweza kuanza kuwauzia wengine?

Ukishaanza kuuza sheria inabadilika. Tanzania chakula cha kufungashwa kiko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, unahitaji eneo lililokaguliwa, lebo yenye viambato na tarehe, na bidhaa kupimwa. Anza na matunda na viazi, nyama iache mpaka uwe na vipimo vya maabara mkononi.